Nyota ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 8 Januari 1996

Profesa Halvorsen ameagiza kila mwanafunzi wake aweke daftari la kila siku muhula huu wa baridi: ulifanya nini, ulikosea wapi. Hakusema kwa lugha gani. Basi naandika Kiswahili, nimseme nikitaka. Baada ya miaka sita Minneapolis, Kiswahili changu kimebaki cha kanisani na cha simu za nyumbani. Acha kipate mazoezi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna orodha ya nyota ambazo watu mbalimbali duniani walidai zinabadilika, mwanga unafifia halafu unarudi. Nyingine ni kweli. Nyingine mtu alichoka macho tu. Nyingine mtu aliona nyota hii, orodha ikaandika ile. Nimepewa arobaini. Kila moja niitafute kwenye vioo vya picha za anga vilivyopigwa miaka tofauti, nione kama imewahi kufifia. Ikiwa haijawahi, inafutwa. Mwisho ni tarehe 15 Machi, orodha inaenda kupigwa chapa.

Nilifika saa nane asubuhi, nikatoka saa tano jioni. Naingia na giza, natoka na giza.

Jumatano, 10 Januari

Nyota mbili leo. Hazina lolote. Wambui, tunayeishi naye, amemaliza wali wangu na hana hata haya.

Jumapili, 14 Januari

Leo kumetokea jambo.

Baada ya ibada kule Saint Paul tulishuka chini kunywa chai kama kawaida. Dada Peris alikuwa amemleta babake, Mzee Zadock Lugalia, aliyefika Novemba kutibiwa mtoto wa jicho. Peris ni muuguzi hospitali moja ya Maplewood, mama wa kujiamini, hata mchungaji anamwogopa kidogo. Mtu akanitania mbele ya mzee, "Huyu Jeptoo anasomea nyota, atakutabiria." Mzee akanishika mkono wa koti.

"Binti, mimi nilikuwa na nyota."

"Baba, tafadhali," Peris akasema. "Si hapa."

Lakini mzee hakuniachilia. Ikabidi Peris anichukue tukale chakula cha mchana kwake, Inver Grove Heights. 

Hadithi ya mzee ni hii. Mwaka 1968 alikuwa mtunza pampu ya maji kwenye misheni moja kule kwao. Zamu yake ilianza jua likizama. Ukutani mwa nyumba ya pampu palikuwa na kipande cha bomba la chuma kilichosahauliwa na mafundi, kinaelekea juu. Mzee akafunga ndani yake nusu ya darubini iliyovunjika. Bomba halisogei, anga ndilo linasogea. Kila usiku nyota zilezile zinapita mbele yake, mapema kidogo kuliko jana. Kati ya hizo kulikuwa na tatu zilizokaa kama mafiga, na katikati yake nyota ya nne. Akaiita Chungu. Mwezi wa Februari, usiku tatu tofauti, Chungu kilififia karibu kizimike, kisha siku ya pili kikarudi.

Mwalimu mmoja akampa fomu ya Kiingereza ya kuripoti nyota zinazobadilika, mzee akaijaza alivyoweza, ikatumwa ng'ambo. Baada ya mwaka likaja jibu. Meneja mpya wa misheni, hata miezi mitatu nchini hajamaliza, akalisoma, akamwita mzee, akamwambia yeye ni mwongo. Akamfukuza kazi siku hiyohiyo.

"Uongo gani, Mzee?" nikauliza.

"Hakuna aliyeniambia."

Muda wote huo Peris alikuwa anaosha vyombo kwa kelele. Mzee akafungua mkebe wa chai, akatoa barua ile, mistari miwili tu ya kusema nyota na muda wake havijathibitishwa, na nakala ya fomu. Nikanakili: tarehe, mwinamo wa bomba, mchoro wa mafiga, na muda. Safu ya muda inaanza na "3.10, usiku", kisha anapunguza dakika kadiri siku zilivyokwenda. Nadhifu kabisa.

Kitu kimoja kilinichekesha. Saa ya mkononi ya mzee. Ya ukutani ilikuwa saa mbili mchana, yake inaonyesha nane. Nikadhani ameiacha kwenye saa za nyumbani, lakini nyumbani muda huo ni kumi na moja usiku. Si ya huku wala ya huko. Peris akasema, "Hiyo saa ni mbovu tangu nikiwa mtoto. Hataki iguswe."

Mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilikuwa na miaka minane. Tulihama nyumba ya misheni na masufuria kichwani, watu wanatuangalia. Shuleni nikaitwa mtoto wa mwongo wa nyota. Jeptoo, anarudi Kenya tarehe 17 Machi. Usimchokoze. Ukikosa kuiona, utakuwa umemwaibisha mara ya pili."

Nikasema nitaitafuta. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 16 Januari

Imo! Nimeipata kwenye orodha, jina la Z. Lugalia kabisa, Kenya, 1968. Wameiweka kwenye kundi la Simba. Maelezo: "Haijathibitishwa." Nimemwomba Profesa aniongezee iwe ya arobaini na moja. Amesema sawa, lakini sheria ni ileile: nisipoona imefifia kufikia tarehe 15, inafutwa.

Jumanne, 23 Januari

Vioo tisa. Nyota ya mzee haijabadilika hata chembe. Iko vilevile mwaka wa hamsini, sitini, themanini. Ingekuwa mtu ningesema amekufa.

Halafu mafiga ni mawili. Nimelitafuta figa la tatu mpaka shingo imeuma. Aliyetengeneza orodha naona aliridhika na mawili, akasema inatosha. Haitoshi. Figa moja likikosekana chungu kinamwagika, hata mtoto anajua.

Alhamisi, 25 Januari

Theluji. Basi namba 16 lilichelewa dakika arobaini. Nimepiga hesabu upya: tarehe, muda, mwinamo. Bomba halisogei, kwa hiyo ukijua muda unajua nyota gani inapita. Saa tatu na dakika kumi usiku wa manane, mwezi wa Februari, linapita kundi la Simba. Hesabu yangu na ya orodha ni moja. Sielewi.

Ijumaa, 2 Februari

Gavana amefunga shule zote za jimbo kwa sababu ya baridi. Ukitema mate yanafika chini ni barafu, Wambui amejaribu. Tumeshinda ndani na blanketi.

Kukaa bure kunaleta mawazo mabaya. Nimempigia Peris, nikajifanya namsalimia, nikamuuliza babake zamu ilikuwa inaisha lini. Akasema bila kufikiri, "Midnight. Tulikuwa tunamsikia akifungua mlango."

Zamu inaisha usiku wa manane. Fomu inasema ameona nyota saa tatu baada ya hapo, ndani ya pampu, usiku baada ya usiku. Alikuwa anafanya nini mle na yuko nyumbani kitandani?

Jumapili, 4 Februari

Mzee aliniuliza, "Umekiona Chungu?" Nikasema bado natafuta. Niliona aibu kumuuliza la zamu. Mtu wa umri wa babu yangu, utamuulizaje kama anadanganya? Nikanywa chai, nikaaga.

Jumatatu, 12 Februari

Nyota za watu wengine thelathini na mbili zimekwisha. Ya mzee imenikaa kooni. Nikilala naona mafiga mawili.

Jumapili, 18 Februari

Nimefanya jambo baya leo.

Peris alinivuta pembeni ya ngazi za kanisa, akaniuliza ukweli. Nikamwambia. Nyota haibadiliki, mafiga hayalingani, na muda alioandika hakuwa hata kazini. Nikasema, "Pengine aliota, Dada. Watu huota." Peris akatikisa kichwa taratibu.

"Nilijua," akasema. "Ulidhani sikujua? Nilitaka tu mtu mmoja aniambie sivyo."

Nikageuka. Mzee alikuwa nyuma yetu, ameshika kikombe. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Hata wewe, binti," akasema, akaenda kutafuta koti lake.

Nimelia kwenye basi mpaka dereva akanipa karatasi ya kufutia.

Jumanne, 20 Februari

Nimempa Profesa rasimu. Nyota ya 41: "Haibadiliki. Kosa la mwangalizi." Ameipigia alama ya vyema. Sijisikii vyema.

Jumatano, 21 Februari

Peris amepiga. Kesho mzee anafanyiwa jicho, yeye ana shifti, hawezi kubadilisha. Ameniomba mimi. Nikashangaa. Akasema, "Hakuna mwingine mwenye nafasi. Atakupigia mwenyewe akwambie muda, kadi ya hospitali anayo." Gari nitaazima la Wambui.

Alhamisi, 22 Februari

Leo nitaandika yote.

Jana jioni nilikuta ujumbe kwenye mashine ya simu. Sauti ya mzee, anaongea kama anahutubia mkutano: "Hapa ni Zadock Lugalia. Kesho njoo unichukue saa nne. Asante." Basi. Asubuhi nikaenda maabara kama kawaida, nikafanya nyota mbili, nikala, nikachukua gari, nikafika Inver Grove Heights saa nne kamili. Jua linaelekea kuzama.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya mlango. Koti amevaa, kofia amevaa, glavu amevaa. Kadi mkononi.

"Umetoka wapi?" akaniuliza.

"Si ulisema saa nne, Mzee?"

"Ndiyo! Saa nne! Nimekaa hapa tangu saa nne! Daktari gani anapasua jicho jioni? Wewe ni Mkenya au umekuwa nini?"

Alikuwa anapiga kelele. Mzee mpole yule. Akainyoosha saa yake mbele ya uso wangu, akigonga kioo chake kwa kidole. "Angalia! Sasa ni saa kumi! Saa kumi, mtoto wewe!"

Nikaangalia. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi. Nje ya dirisha ilikuwa jioni, ya ukutani imeandika nne.

 Nikakaa chini pale pale kwenye zulia na viatu vyenye theluji.

Saa yake si mbovu. Haikuwa mbovu hata siku moja. Ameiweka inavyosomeka kwa Kiswahili: jua likichomoza unaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili, likizama unaanza tena. Kama mama yangu anavyohesabu, kama nilivyohesabu mimi mpaka nilipopanda ndege. Na mtu anayesoma saa hivyo, akiona nyota saa tatu na dakika kumi usiku, ataandika nini kwenye fomu? Ataandika 3.10.

Kwa Kizungu ni 9.10. Alikuwa kazini. Zamu ilikuwa bado karibu saa tatu kuisha; meneja naye bila shaka aliisoma kama alfajiri, zamu imeshafungwa, ndiyo maana akamwita mwongo.

"Mzee," nikamwambia, "ile nyota. Uliiona watu wakiwa hata hawajalala?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Watoto ndiyo wanamaliza kula. Saa tatu. Kwani nimeandika nini?"

"Umeandika hivyo hivyo. Mbona hukumwambia meneja?"

"Angeniuliza ningemwambia. Hakuna aliyeniuliza."

Ndiyo, hakuna. Meneja hakumuuliza kwa dharau. Peris hakumuuliza kwa aibu. Na mimi hodari wa nyota sikumuuliza kwa heshima. Miaka ishirini na minane, swali moja tu.

Peris alirudi akakuta muda wa upasuaji umepita, jicho halijafanywa. Aliniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilipojaribu kumweleza habari ya saa akaninyooshea mlango. Ameomba tarehe nyingine, wiki ijayo.

Nimefika nyumbani nikafungua daftari hili toka mwanzo. Ukurasa wa kwanza: "Nilifika saa nane asubuhi." Saa nane asubuhi! Mama angeisoma hii angeniombea. Mimi mwenyewe nimeandika Kiswahili cha maneno, hesabu ya Kizungu, tangu Januari, na sikushtuka hata mara moja.

Ijumaa, 23 Februari

Sikulala vizuri. Saa mbili asubuhi (sasa naandika sawasawa) nilikuwa mlangoni pa maabara. Nimerudisha muda nyuma saa sita. Anga lote linageuka robo. Si kundi la Simba tena, ni la Ng'ombe. Yaani watu wamemtafuta ng'ombe wa mzee kwenye boma la simba, halafu wakasema hana ng'ombe.

Nikaweka kioo kwenye meza ya taa. Mafiga yalikuwepo. Matatu. Na katikati, Chungu.

Nilipiga kelele, mlinzi akaja.

Jumanne, 27 Februari

Vioo tisa vya upande wa Ng'ombe. Kwenye saba Chungu kinang'aa. Kwenye viwili, cha 1953 na cha 1986, kimefifia hakika. Nimepima mara nne. Mafiga hayajabadilika, Chungu peke yake.

Nimemwendea Profesa kumnyang'anya rasimu yangu. Akachanganyikiwa. "Watu wanaanza kuhesabu siku jua likichomoza?" Nikamwambia, "Nyinyi mnaanza katikati ya usiku watu wote wamelala. Nani wa kushangaza?" Akacheka sana, kisha akasema mtu mmoja kupima kioo hakutoshi, anataka jicho la pili lisiloambiwa lolote.

Nikajua jicho la nani.

Alhamisi, 29 Februari

Jicho limefanyika salama. Peris bado hapokei simu zangu. Habari nimepata kwa mchungaji.

Jumapili, 3 Machi

Nimemfuata Peris maegeshoni. Nimesema, "Dada, nilikosea, na nilikosea vibaya. Mlete Jumamosi saa nne. Saa nne ya asubuhi, ya kwetu. Nusu saa tu." Akafunga mlango wa gari. Akafungua dirisha kidogo.

"Ukimwaibisha tena sitakusamehe."

Jumamosi, 9 Machi

Walifika saa nne kasoro dakika tano. Mzee amevaa suti. Jicho moja limefunikwa kwa kinga ya plastiki, akaitoa mwenyewe, akaifunga kwenye kitambaa.

Profesa Halvorsen alisimama kando na mikono nyuma. Nilikuwa nimeweka vioo viwili kwenye meza ya taa, na sikuvitia alama yoyote. Kwenye kioo nyota zinatoka nyeusi, anga ndilo jeupe, nukta maelfu kwa maelfu. Nikampa mzee lenzi ya kukuzia.

"Mbona nyota ni nyeusi?" akauliza.

"Picha ndivyo inavyotoka, Mzee. Tafuta kitu chako kama kipo."

Akainama. Tukasikia tu anavyopumua. Peris alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Mzee akapita juu, akapita chini, akarudi. Nilitamani kumwonyesha, nikauma ulimi. Zikapita dakika kumi, labda zaidi. Profesa akaangalia saa yake.

"Ah," mzee akasema. Kidole kikashuka bila kugusa kioo. "Figa. Figa. Figa. Chungu hiki hapa."

Profesa akaja akatazama, akalinganisha na karatasi yake. Nikamsogezea mzee kioo cha pili, cha 1953. Safari hii hakutafuta hata dakika mbili.

"Hapa kimepoa," akasema. "Ndivyo kilivyokuwa kinapoa. Hivi hivi."

Nikamtafsiria Profesa. Mikono ikatoka nyuma, akampa mzee wa kulia. Mzee akaupokea kwa heshima, kisha akarudi kwenye kioo, kana kwamba kitakimbia.

Nikachukua ile nakala ya fomu kutoka kwenye mkebe wa chai aliokuja nao mzee, nikampa Peris. Hajawahi kuisoma maishani mwake. Sikumweleza lolote. Niliweka kidole tu kwenye safu ya muda, nikaondoa.

Alisoma. "Tatu na dakika kumi, usiku," akasema polepole. Kisha mara ya pili, kwa sauti nyingine. Akaweka mkono mdomoni.

"Muda huo alikuwa ananiimbia," akasema. "Nyumba ya pampu ilikuwa karibu. Nilikuwa nalala nikimsikia anaimba kule. Nilikuwa namsikia, Jeptoo!" Akamgeukia mzee. "Baba, mbona hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Hukuniuliza, mama."

Peris akapiga magoti pale sakafuni, akiwa na sare yake ya kazi, mbele ya Profesa na mlinzi aliyekuwa amechungulia, akashika miguu ya babake akalia kama mtoto wa miaka minane. Mzee akampapasa kichwa huku jicho lake jipya likitoa machozi. Nikamkumbusha daktari amekataza kulia. Akaniambia nimwache.

Ijumaa, 15 Machi

Orodha imekwenda. Nyota ya 41: mahali pamesahihishwa, kundi la Ng'ombe. "Inabadilika. Muda wa mwangalizi umehesabiwa kuanzia machweo. Mwangalizi Z. Lugalia alikuwa sahihi." Profesa alitaka kufupisha sentensi ya mwisho. Nikamwambia afupishe nyingine arobaini, hiyo aiache. Ameiacha.

Na ile nyota ya watu kule kwa Simba, iliyolaumiwa bure kwa kutobadilika, mzee ameniomba niiandikie kwamba haina kosa. Nimeiandikia.

Jumapili, 17 Machi

Uwanja wa ndege. Theluji inayeyuka, kila mahali matope. Mzee amepewa nakala ya ukurasa wake, ameikunja kwenye mkebe wa chai juu ya ile barua ya zamani. Nikamwambia barua ile sasa aitupe. Akakataa. "Zikae pamoja zijuane," akasema.

Peris alikuwa anahangaika na begi, tiketi, kinga ya jicho, dawa za matone. Mbele yake kabisa palikuwa na saa ya ukutani kubwa kama sinia la pilau, namba nyekundu. Akasimama akaipa mgongo.

"Baba, saa ngapi sasa?"

Mzee akavuta mkono wa koti, akaangalia, hakuwa na haraka.

"Saa tisa kasorobo."

"Basi bado tuna muda," Peris akasema, akamshika mkono wakaenda kutafuta chai.